Kujikinga na wadudu wanaouma usiku unapokaa nje: mwongozo kamili

Chandarua kimeokoa maisha ya watu wengi sana, lakini humkinga aliye ndani yake tu. Mlinzi anayekesha langoni, mvuvi anayesubiri nyavu, mkulima anayelinda mazao yasiliwe na wanyama, mwanafunzi aliyetoka nje na kitabu kwa sababu chumbani hakukaliki kwa joto, familia inayopiga soga uani mpaka usingizi uwachukue: wote hawa wana saa kadhaa kila usiku ambazo chandarua hakiwasaidii kitu. Saa hizo ndizo zinazonishughulisha hapa, kwa kuwa ndizo zilizosahaulika. Watu wanajua kulala salama. Kukaa nje salama wengi hawajafundishwa, na wakitoka hubaki kujipiga makofi miguuni mpaka muda wa kuingia ndani.

Nianze na lililo muhimu kuliko yote. Hakuna kinga moja inayotosha peke yake. Mahali unapokaa, nguo, dawa ya kupaka na upepo vikitumika pamoja hupunguza kuumwa kwa kiasi kikubwa, na karibu kila kimoja kinatakiwa kiwe tayari kabla giza halijaingia. Anayeanza kujikinga baada ya kuumwa mara ya kwanza amechelewa.

Mjue anayekuuma

Mbu anayeuma ni jike peke yake, maana anahitaji protini iliyo ndani ya damu ili mayai yake yakomae. Dume hunywa majimaji matamu ya mimea na hana haja na wewe. Jike hakuoni kwanza, bali hukunusa. Kaboni dioksaidi unayoitoa unapopumua humfikia akiwa makumi ya mita mbali, naye huifuata akiuelekea upepo. Akikaribia hutumia macho, kisha harufu ya ngozi na jasho, na mwisho kabisa huongozwa na joto la mwili. Ukumbuke mfuatano huo, kwa sababu kila kinga inayofanya kazi huukatiza mahali fulani, na kila kinga isiyofanya kazi haiugusi popote.

Mbu wa malaria, Anopheles, huanza kuuma giza likiingia na huendelea hadi alfajiri. Hata hivyo aina zake hazilingani tabia. Anopheles gambiae huuma zaidi usiku wa manane kuelekea asubuhi, na hupenda kuingia ndani ya nyumba. Anopheles arabiensis huwahi zaidi, na nje huuma bila shida, wakati watu wangali macho. Huyu wa pili ndiye anayemsumbua mtu wa kukaa nje. Culex naye ni wa usiku. Mahali pengine hueneza matende, na mahali pengine homa ya Nile Magharibi.

Aedes, mweusi mwenye madoa meupe miguuni, ndiye anayeeneza dengi na chikungunya. Yeye ni wa mchana: huuma sana saa za mwanzo baada ya jua kuchomoza na saa za mwisho kabla halijazama. Kwa hiyo ukitoka nje kabla ya magharibi unamkuta bado yuko kazini, na penye taa kali anaweza kuendelea kuuma hata usiku.

Kuna usubi pia, na hapa watu wengi hukosea kwa kudhani ni mbu wadogo. Wapo wenye urefu wa milimita 1 hadi 3 ambao huja kwa makundi wakati wa machweo na kuacha vipele vinavyowasha kwa siku kadhaa. Wapo wengine wa rangi ya mchanga, wenye manyoya, ambao wakitua husimamisha mabawa kwa umbo la herufi V. Hao hawatoi mlio wowote, huruka kwa kudunda karibu na ardhi, na hueneza lishmania, ugonjwa wa vimelea, ikiwamo aina yake kali iitwayo kala-azar, inayoshambulia wengu na ini. Mtu anaweza kuumwa nao usiku kucha akasema hapakuwa na mbu. Kweli, mbu hawakuwapo.

Kundi la mwisho haliruki. Papasi hujificha kwenye nyufa za sakafu ya udongo, mapangoni na kwenye vibanda vya zamani. Hutoka usiku, hunyonya damu kwa dakika chache na kurudi mafichoni, hivyo aliyelala hajui kilichomfika mpaka homa ya papasi impate. Viroboto na kupe hupanda kutoka ardhini na kwenye majani. Mbung'o na inzi weusi wa mitoni ni wa mchana, kwa hiyo tuwaache.

Hatua ya 1: chagua mahali kungali na mwanga

Tafuta penye upepo. Mbu ni mrukaji dhaifu, na usubi ni dhaifu kuliko yeye. Upepo unaotikisa majani na matawi madogo unatosha kuwazuia wengi wasiruke kabisa, tena hutawanya pumzi yako ili isiwe njia iliyonyooka ya kuwafikisha kwako. Kwa sababu hiyo mwinuko ni bora kuliko bonde, uwanda ni bora kuliko kichaka, na juu ya paa tambarare ni bora kuliko uani.

Kaa mbali na maji yaliyotuama, majani marefu na vichaka vyenye unyevu, kwa kuwa huko ndiko mbu wanakopumzika mchana wakisubiri jioni. Mazizi pia yaepuke. Anopheles arabiensis hunyonya ng'ombe kama anavyonyonya watu, na anayeketi kando ya zizi amejiweka kwenye meza yao. Kwenye maeneo yenye kala-azar chunguza vichuguu na mashimo ya wanyama: usubi hupumzika humo mchana kwa sababu ya ubaridi na unyevu, na huwa hawaendi mbali usiku. Usiketi juu ya kichuguu wala usitandike mkeka pembeni yake, hata kama ndipo pakavu.

Kama mahali ni pako, na utakaa hapo kila siku, kazi yenye faida kubwa ni kumwaga maji. Yai la mbu huhitaji kama wiki moja hadi mbili kuwa mbu mzima, kutegemea joto. Ukimwaga maji ya ndoo, matairi, visahani vya maua na mifereji iliyoziba mara moja kila wiki, unavunja mzunguko kabla haujakamilika. Mapipa ya kuhifadhia maji yafunikwe kabisa, bila kuacha upenyo. Kumwaga maji hakutawazuia mbu wanaotoka kwenye dimbwi au shamba la jirani, ila kutapunguza waliozaliwa kwako, hasa Aedes, ambaye haendi mbali na alikozaliwa.

Hatua ya 2: kinga miguu, kisha mwili wote

Ningeruhusiwa kusema jambo moja tu katika mwongozo huu, ningesema: funika miguu. Uchunguzi wa mbu wa malaria barani Afrika umeonyesha kwamba mtu akiwa ameketi, sehemu kubwa kabisa ya kuumwa hutokea chini ya goti, hasa kwenye vifundo na nyayo. Mbu hawa huruka chini, wakatua kwenye sehemu ya mwili iliyo karibu na ardhi. Mtu yule yule akilala chini, huumwa mwili mzima. Mwaka 1995 watafiti Ruurd de Jong na Bart Knols walionyesha kuwa harufu ya miguu ina mchango wake: watu walipooshwa miguu kwa sabuni ya kuua bakteria, Anopheles gambiae walibadili mahali pa kuuma. Hawakuacha kuuma, walihama tu. Kunawa miguu jioni ni vizuri, lakini hakuchukui nafasi ya kuifunika.

Kwa hiyo ndala ziache ndani. Vaa viatu vya kufunika pamoja na soksi nene, kisha chomeka suruali ndani ya soksi. Najua haipendezi machoni, ila kifundo cha mguu ndipo penye mwanya ambao mbu huutafuta, na usiku hakuna anayekukagua. Anayevaa gauni au sketi ndefu avae suruali au soksi ndefu ndani yake, kwa sababu mbu huingia kwa chini bila kizuizi chochote.

Nguo za juu ziwe za mikono mirefu, pana, na za kitambaa kilichofumwa kwa kubana. Upana una maana yake. Kitambaa chembamba kilichoshika ngozi, kama suruali za kubana za mazoezi, hupenyezwa na mdomo wa mbu bila taabu. Nguo ikiwa na nafasi kati yake na ngozi, mdomo haufiki. Mara nyingi mtu aliyevaa mikono mirefu huumwa mabegani na mgongoni anapoinama, pale nguo inaponyooka na kukaza.

Rangi nayo inahesabika. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Washington uliotolewa mwaka 2022 uligundua kuwa Aedes aegypti, baada ya kunusa kaboni dioksaidi, huvutwa na nyekundu, rangi ya chungwa na nyeusi, na huzipuuza kijani, zambarau, buluu na nyeupe. Huyo ni mbu wa aina moja tu, kwa hiyo sishauri mtu anunue nguo mpya kwa sababu hiyo. Ukiwa na shati jeupe na jeusi kabatini, vaa jeupe.

Anayefanya kazi nje kila usiku aifikirie permethrini. Hii ni dawa ya kuua wadudu inayowekwa kwenye nguo, viatu, hema na kofia, haipakwi kwenye ngozi. Ya nguo kwa kawaida ina nguvu ya asilimia 0.5. Tundika nguo nje, puliza mpaka ilowe kidogo pande zote mbili, iache ikauke kabisa, ndipo uvae. Hudumu hata baada ya kufuliwa mara kadhaa, na huua pia kupe na viroboto wanaopanda kwenye suruali. Ina sumu kali kwa samaki na kwa paka ingali mbichi, kwa hiyo usimwage mabaki mtoni, na mweke paka mbali mpaka nguo ikauke.

Hatua ya 3: dawa ya kupaka kwenye ngozi iliyobaki wazi

Soma viambato kwenye lebo kabla ya kutazama picha ya mbu aliyepigwa msalaba. Vinavyojulikana kufanya kazi ni vichache: DEET, ikaridini (lebo nyingine huiita pikaridini), IR3535, na PMD, inayotokana na mkaratusi wenye harufu ya limau. Usiichanganye PMD na mafuta ya kawaida ya mkaratusi huo; jina linafanana, lakini mafuta hayo hayana PMD ya kutosha wala hayajapimwa kwa namna hiyo hiyo.

DEET ndiyo kongwe kuliko zote. Jeshi la Marekani lilianza kuitumia mwaka 1946, na ikaruhusiwa kwa raia mwaka 1957. Asilimia iliyoandikwa kwenye chupa haielezi ukali, inaeleza muda. Yenye asilimia 10 hukinga kwa takriban saa 2. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2002, yenye asilimia kama 24 ilikinga kwa wastani wa saa 5. Ukivuka asilimia 50 muda hauongezeki tena, kwa hiyo hakuna sababu ya kutafuta ya asilimia 100. Kwa usiku wa kawaida, DEET ya asilimia 20 hadi 30 au ikaridini ya asilimia 20 inatosha. DEET huyeyusha baadhi ya plastiki, hivyo futa viganja kabla ya kushika miwani, saa au simu. Ikaridini haina tabia hiyo na haina harufu nzito. Kwa anayeshinda na vifaa mkononi, naipendelea.

Namna ya kuipaka ndiyo huamua kama itakusaidia:

1. Kama jua bado linawaka na unatumia losheni ya kukinga jua, ipake hiyo kwanza, iache ikauke, ndipo upake dawa ya wadudu juu yake. Epuka bidhaa zilizochanganya vyote viwili, maana losheni ya jua hupakwa tena mara nyingi kuliko dawa ya wadudu inavyotakiwa.
2. Paka tabaka jembamba kwenye ngozi yote iliyo wazi. Dawa haikingi kwa mbali. Mbu atatua sentimita chache tu kutoka pale ulipopaka, akakuuma. Masikio, shingo kwa nyuma, vifundo na ngozi ya kichwani kwa wenye nywele fupi husahaulika sana.
3. Usipulizie usoni. Pulizia kiganjani, kisha pakaa usoni ukiepuka macho na mdomo.
4. Usipake chini ya nguo, wala juu ya kidonda au ngozi iliyochubuka.
5. Kumbuka saa uliyopaka. Jasho, mvua na maji hupunguza muda. Mlinzi mwenye zamu yenye urefu wa saa 12 atahitaji kupaka zaidi ya mara moja, na mara ya pili iwe kabla ya usiku wa manane, kabla mbu wa usiku mkubwa hawajaongezeka.
6. Ukimaliza kukaa nje, oga kwa sabuni kabla ya kulala ndani ya chandarua.

Mtu aliyepaka vizuri bado atawaona mbu wakimzunguka na kudhani dawa imeshindwa. Dawa hizi haziui mbu. Zinamvuruga asitue, au akitua asiume. Hesabu vipele, usihesabu milio.

Hatua ya 4: hewa, moshi na mwanga

Feni ni kinga bora ya mahali penye umeme, na inashangaza jinsi inavyosahaulika. Iweke chini, ipulize kuelekea miguuni na chini ya meza, kwa sababu ndiko mbu wanakopitia. Moja kila upande wa kikundi cha watu ni bora kuliko moja kubwa inayopuliza vichwani.

Dawa ya mbu ya kuwasha, ile ya mviringo kama konokono, ilianza na unga wa maua ya pareto. Siku hizi nyingi hutumia kemikali zilizoundwa kwa mfano wa pareto. Husaidia nje mahali ambapo upepo ni mdogo. Iweke upande upepo unakotokea, karibu na ardhi, ili moshi upite miguuni kwako. Usiiwashe hata siku moja ndani ya hema au chumba kilichofungwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kuwa koili moja ikiungua yote hutoa chembe laini za moshi sawa na za sigara kati ya 75 na 137. Kwa mwenye pumu, na kwa mtoto mchanga, mimi nasema isitumike kabisa. Moshi wa kuni nao hufukuza baadhi ya wadudu, lakini ili ufanye kazi inabidi uukalie, na mapafu hulipa gharama ambayo ngozi imeepuka.

Kuhusu taa, mbu hakufuati kwa sababu ya mwanga bali kwa sababu ya pumzi. Hata hivyo mwanga mweupe wenye ubuluu huvuta usubi na wadudu wengine wengi. Tumia taa za manjano, ziwe hafifu, na ziweke mita kadhaa kutoka unapokaa badala ya juu ya kichwa chako. Miongoni mwa wanaovutwa na taa yumo mdudu mwembamba mwenye mikanda myekundu na myeusi ambaye hata haumi, lakini akipondwa kwenye ngozi majimaji yake huiunguza na kuleta malengelenge siku moja au mbili baadaye. Akitua, mpulize aondoke. Ukimponda kwa bahati mbaya, osha mahali hapo kwa sabuni upesi na usijiguse machoni.

Vitu vya kutopotezea pesa

Vifaa na programu za simu zinazodai kufukuza mbu kwa sauti isiyosikika: mapitio ya mwaka 2007 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua tafiti za afya, yalikusanya majaribio 10 ya uwandani na hayakupata tofauti yoyote. Bangili za kufukuza mbu: katika lile jaribio la 2002 zilikinga kwa chini ya dakika moja. Taa za kuunguza wadudu kwa umeme: watafiti wa Chuo Kikuu cha Delaware walihesabu mwaka 1996 wadudu 13,789 waliouawa na taa hizo, na waliokuwa wa kuuma watu walikuwa 31 tu. Waliobaki hawakuwa na kosa, na baadhi yao hula mbu. Mishumaa ya mchaichai husaidia kidogo sana. Vidonge vya vitamini B1 na kula vitunguu saumu havisaidii.

Kinachoniudhi kuhusu bidhaa hizi si bei peke yake. Aliyevaa bangili anaamini amekingwa, kwa hiyo hapaki dawa wala havai soksi.

Watoto, wajawazito na wanaokunywa pombe

Mtoto chini ya miezi 2 asipakwe dawa ya wadudu. Mfunike kwa chandarua kilichozungushiwa kitanda au kigari chake, kisiguse ngozi. PMD isitumike kwa aliye chini ya miaka 3. Kwa mtoto mkubwa, mtu mzima ndiye apake, na aache viganja, kwa kuwa vitaishia mdomoni na machoni.

Mama mjamzito yumo hatarini kuliko wengi wanavyodhani. Utafiti uliofanyika Gambia na kuchapishwa mwaka 2000 uliona kuwa wajawazito huvutia Anopheles gambiae mara mbili ya wasio wajawazito. Hutoa hewa nyingi zaidi wanapopumua, na tumbo lao lina joto zaidi. Malaria nayo kwa mjamzito ni kali, kwake na kwa mtoto. DEET na ikaridini zinaruhusiwa kwake akifuata maelekezo ya lebo. Katika familia yenye chupa moja ya dawa, yeye na watoto wapake kwanza.

Pombe? Ndiyo, ina athari. Jaribio la Burkina Faso la mwaka 2010 lilionyesha kuwa bia huongeza mvuto wa mtu kwa Anopheles gambiae. Tena aliyelewa hajikumbuki kupaka mara ya pili.

Hatua ya 5: ukilala nje

Kitanda chochote kilichoinuliwa ni bora kuliko ardhi, kwa sababu mbili zilizokwisha kutajwa: mbu wanaoruka chini, na papasi wanaotambaa. Usitandike ndani ya kibanda cha zamani au pango kabla ya kukagua nyufa. Ukilazimika kulala chini, tandika turubai zito, na jitenge na kuta.

Chandarua kishushwe na kuchomekwa chini ya godoro au mkeka kabla jua halijazama, la sivyo utawafungia mbu ndani pamoja nawe. Kiwe kipana kiasi cha kutogusa mwili, maana mkono ulioegemea wavu huumwa kupitia matundu. Hapa ndipo usubi wa lishmania wanapoleta taabu: ni wadogo kiasi cha kupita kwenye matundu ya chandarua cha kawaida. Penye usubi hao tumia wavu wa matundu madogo zaidi, au angalau chandarua chenye dawa. Kagua matundu yaliyochanika kila baada ya siku chache. Sindano na uzi vinatosha.

Wenye hema wawe na desturi ya kuzima taa kabla ya kufungua zipu, kuingia haraka, kufunga, kisha kuwasha na kusaka walioingia. Madirisha ya wavu yaachwe wazi ili hewa ipite. Asubuhi kung'uta viatu na nguo kabla ya kuvaa, kwa sababu nge na tandu hupenda kulala humo.

Ukiumwa

Osha kwa maji na sabuni, weka kitambaa cha baridi kwa dakika kumi, na usikune. Mwasho unatokana na mwili kupambana na mate ya mdudu. Kukuna huongeza uvimbe na hufungua mlango wa bakteria wa kucha. Kalamini au krimu ya haidrokotisoni ya asilimia 1 hupunguza mwasho, na dawa za mzio za kumeza humsaidia mwenye vipele vingi, hasa asiyeweza kulala. Kupe aliyeganda avutwe kwa kibanio karibu kabisa na ngozi, polepole na moja kwa moja, bila kumchoma kwa moto wala kumpaka mafuta.

Wekundu unaozidi kutanuka baada ya siku mbili, usaha au maumivu yanayoongezeka ni dalili za maambukizi, na yanahitaji kituo cha afya. Midomo ikivimba au pumzi ikibana baada ya kuumwa, usisubiri hata dakika.

Homa ni suala la pekee. Dalili za malaria kwa kawaida huanza siku 10 hadi 15 baada ya kuumwa, wakati mwingine baadaye sana, na za dengi siku 4 hadi 10. Hii ina maana kwamba utaugua ukiwa umeshausahau usiku ule. Homa yoyote katika majuma na miezi inayofuata ipimwe siku hiyo hiyo, kwani malaria ya falsiparamu, aina iliyo hatari zaidi, isiyotibiwa inaweza kuua ndani ya saa 24. Usinywe aspirini wala ibuprofeni kwa homa ambayo haijajulikana kuwa si dengi, kwa sababu zinaongeza hatari ya kutokwa damu. Parasetamoli ni salama zaidi ukifuata kipimo chake. Anayesafiri kwenda eneo lenye malaria akitokea kusiko nayo aulize kuhusu dawa za kuzuia kabla hajaondoka, kwani nyingine huanzwa siku au wiki kadhaa mapema.

Ukifika kwa mhudumu wa afya, usiseme tu kwamba una homa. Mweleze kuwa ulikuwa nje usiku, wapi, lini, ulilala juu ya nini, na kama palikuwa na mifugo, vichuguu au kibanda cha udongo. Malaria hupimwa kwa tone la damu kidoleni, lakini homa ya papasi na kala-azar hazionekani kwenye kipimo cha haraka cha malaria, na asiyeambiwa ulilala wapi hana sababu ya kuzitafuta.